Mbao za Kijani kwenye Mashua ya Ndalu

Katika miaka ishirini na mitatu ya kazi nimefunga viti katika mabasi nisiyoweza kuyahesabu, ambulensi tatu, jumba moja la sinema lililofungwa kabla hatujamaliza safu ya nyuma, na mashua moja. Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, huwa nasema mabasi, tukaishia hapo. Lakini nyinyi mnaobaki pale karakana mmekuwa mkiulizia ile mashua tangu siku niliyowakataza kutumia mbao za kijani bila kuwaeleza sababu. Sasa nina nafasi. Nimestaafu mapema kwa ajili ya mgongo, jambo ambalo, kwa mtu aliyeishi kwa kuwatengenezea wenzake mahali pa kuegemea, naomba msilitangaze.

Vyeo na mishahara nitavipita. Vyeo vilikuwa viwili, na cha pili kilinipa ufunguo wa choo.

Nilitoka chuo kikuu na shahada ya misitu wakati ambapo ukataji wa miti katika misitu ya serikali ulikuwa umepigwa marufuku. Kwa hiyo nilikuwa mtaalamu wa kitu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Nilirudi kwa wazazi wangu, watu wa Nyeri waliohamia shamba dogo nje ya Kitale kabla sijazaliwa, nikawasaidia kupukuchua mahindi mwaka mzima. Siku moja baba aliniambia, bila ukali wowote, kwamba mahindi hayahitaji shahada. Juma lililofuata niliingia karakana ya bodi za mabasi mjini Kitale, si mbali na Kipsongo, kwa kuwa nilisikia wanatafuta mtu anayejua kuandika.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Sifuna, fundi mkuu wa viti, mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye miwani iliyoungwa kwa waya wa umeme. Alitazama viatu vyangu kwanza, kisha akaniuliza nimesomea nini. Nikamwambia.

"Misitu," akasema. "Basi kaa."

Katikati ya karakana kulikuwa na kiti cha basi, kimesimama chenyewe, hakijafungwa popote. Nilikaa. Akaniacha hapo kuanzia saa mbili hadi saa sita, mafundi wakinipita na mabati mabegani kama vile nilikuwa nguzo. Kila nilipoegemea, kiti kilitaka kuanguka nyuma. Kila nilipojitengeneza, kilikuja mbele. Saa sita Mzee Sifuna alirudi na vikombe viwili vya chai.

"Unasikia uchungu wapi?"

"Kwa miguu."

"Sponji iko sawa?"

"Iko sawa kabisa."

"Na ngozi?"

"Nzuri."

"Sasa mbona miguu inauma?"

Niliitazama miguu yangu. Shahada yangu haikuwa imefika huko chini.

"Kwa sababu ni wewe umeshika kiti," akasema. "Si kiti imekushika. Kutoka leo kazi yako ni huku chini. Huko juu, mambo ya sponji na maua maua, mtu yeyote anaweza."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilikuja siku hiyo hiyo, naye aliliita mfupa. Bati la sakafu ya basi, alisema, ni ngozi. Mihimili iliyo chini yake ndiyo mifupa. Ukifunga kiti kwenye ngozi, siku ya breki kali abiria ataondoka na kiti chake. Bolti ipite ngozi, ishike mfupa, na chini kabla ya nati iwekwe washa, kile kibati cha duara chenye tundu katikati, pana kama kifuniko cha birika. Washa za dukani hakuziamini. Alizikata mwenyewe kutoka kwa rimu kuukuu za magurudumu, kwa msumeno wa chuma, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo ilikuwa na kutu pia.

Somo la tatu lilikuwa mikebe, na hilo nililikataa.

Nyuma ya kompresa ya upepo kulikuwa na rafu ya mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia. Ndani ya kila mmoja Mzee Sifuna aliweka kipande cha mbao, kipande cha chuma na bolti, vimekazwa pamoja vile vile vitakavyokazwa kwenye gari, kisha akavizamisha katika mkojo wa ng'ombe. Mkojo aliuleta kila Jumatatu kutoka kwa jirani yake, katika mtungi wa lita tano. Alieleza sababu bila kuona haya. Basi la sehemu zetu hubeba mbuzi, kuku, maziwa na watoto, na mvua peke yake haiwezi kuozesha kiti kama wanavyoweza hao wanne. Wiki tatu ndani ya mkebe, kwa hesabu yake, zilikuwa sawa na miaka mitatu barabarani. Kilichotoka kikiwa kizima kilifungwa kwenye basi. Kilichotoka kimeliwa hakikutajwa tena.

Nilimweleza kwamba kisayansi njia hiyo ina upungufu, maana haina kipimo cha kulinganishia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nilitaka apunguze mkojo.

Kesi ngumu zilikuwapo. Mwenye mabasi mmoja kutoka Cheptais alitaka safu ya watu watano pale wanapotosha wanne. Mzee Sifuna hakubishana naye. Alitengeneza kiti kimoja cha watano, akamkalisha hapo yeye na ndugu zake wanne, wote wakiwa na makoti ya baridi ya mlimani, akawaomba wasubiri kidogo wakati anatafuta futi ya kupimia. Alikwenda kunywa chai. Mabasi yale yalitoka na safu za wanne.

Mashua ilikuja mwaka wangu wa tatu. Asubuhi moja aliingia mwanamke mrefu, amejifunga leso kiunoni juu ya koti, akasimama katikati ya karakana akitazama viti kama mtu anayechagua mbuzi.

"Ni nyinyi mnafunga viti?"

"Vya basi, mama," nikasema.

"Yangu ni basi ya maji."

Alikuwa Mama Jerida, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa moja lililo kando ya bwawa, upande wa Ndalu. Shamba moja kubwa la jirani lilikuwa limewaachia mashua kuukuu iliyokaa miaka chini ya michongoma: mashua ya maboya mawili, yaani mirija miwili mirefu ya alumini iliyozibwa pande zote, mihimili ya alumini imelazwa juu yake, na sakafu bapa juu ya mihimili. Haina tumbo kama mashua nyingine. Ni kama sebule inayoelea. Maboya yalikuwa mazima. Sakafu na viti vilikuwa vimekwisha.

Alitueleza haja yake akiwa amesimama, ingawa mahali petu mtu angetarajia kupata pa kukaa. Bwawa lile lilichimbwa enzi za walowezi. Upande mmoja kuna soko na zahanati; upande wa pili wanaishi yeye na wenzake. Wakati wa kiangazi watu huvuka kwa miguu juu ya tuta. Mvua ndefu zikikolea, maji humeza tuta, na njia inayobaki ni kuzunguka kupitia mashambani, nusu siku ndani ya matope. Mwaka uliotangulia mkaza mwana wake, Nasimiyu, alishikwa na uchungu wakati kama huo. Walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mkokoteni ulikwama. Mtoto alizaliwa pale ulipokwama, na hakulia.

"Sasa ako na mimba tena," Mama Jerida akasema. "Ni ya kujifungua mwezi wa tano. Mimi sitaki kuona mkokoteni."

Mzee Sifuna aliacha kukata washa.

Kulikuwa na sharti moja. Mkaguzi wa vyombo vya majini alipita sehemu zetu mara moja kwa msimu, na safari hii angekuja mwanzoni mwa mwezi wa nne. Alitaka kila abiria awe na kiti kilichofungwa, kwa sababu watu waliosimama wakiona gogo majini na kudhani ni mamba, wote hukimbilia upande mmoja. Kiti kimoja kikicheza, mashua ingetiwa mnyororo hadi msimu mwingine. Pia alitaka ripoti ya maandishi kuhusu vifaa vitakavyotumika, itumwe mapema.

Neno ripoti lilinifurahisha kupita kiasi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimekata raba na kushika upande wa pili wa vitu vizito.

Tulikwenda Ndalu tukaipima mashua ikiwa uani kwa Mama Jerida, kuku wakiwa bado wanataga ndani yake. Viti vya zamani vilikuwa na sponji juu na, tuligundua, sponji chini pia: ubao ulikuwa umeoza hadi kidole kikazama. Hapo nikaanza kuchagua. Plaiwudi ya kawaida huachana matabaka ikilowa mara ya pili. Vyuma vya pembe vya kuchomelea vina nguvu, lakini ni vizito na hushika kutu, na mashua si basi, huwezi kuipeleka kando ya barabara ikakungojea. Mzee Sifuna alitaja mvule. Nikamwambia mvule hautapatikana, na ukipatikana utakuwa mzito na ghali, na dunia imeendelea.

Mimi nilichagua mbao za kijani. Mnazijua: msonobari au mkaratusi uliosukumiwa dawa kwa presha, dawa ile ile ya nguzo za umeme, yenye shaba ndani yake. Hakuna mtu wa Trans-Nzoia asiyeamini nguzo ya kijani. Mchwa wanaizunguka. Watu wetu wakipata kipande kilichobaki baada ya mafundi wa umeme kuondoka, huweka mwimo wa zizi, na mwimo huo huzika ng'ombe watatu. Niliandika kurasa tatu zenye jedwali, nikaeleza kwamba sakafu na vitako vyote vya viti vitakuwa vya mbao zilizotiwa dawa, nikatia sahihi kila ukurasa, na nikaituma.

"Umeweka kwa mkebe?" Mzee Sifuna aliniuliza.

"Mzee, hizi zimefanyiwa utafiti na watu wakubwa."

"Hao watu wakubwa walikuwa na mbuzi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaokota kipande cha mbao yangu ya kijani, akakiweka mfukoni.

Kosa langu la kwanza lilionekana mapema, na lilikuwa dogo. Nilikuwa nimechora viti vikitazamana, safu mbili, kama nilivyoona kwenye picha za mashua za kitalii. Mama Jerida aliushika mchoro, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Hapa ni mimi nimekaa?"

"Ndiyo, mama."

"Na hapa mbele yangu?"

"Abiria yeyote."

"Kama ni bwana ya binti yangu? Nitamwangalia mpaka ng'ambo?"

"Ni dakika sita tu, mama."

"Dakika sita!" Akawageukia wenzake. "Ati nikae na mkwe wangu tunaangaliana dakika sita, magoti kwa magoti. Huyu kijana wazazi wake wako?"

"Wako," nikasema.

"Wasalimie."

Kwa wasiojua, kule kwao mama mkwe na mkwe wake hawakai ana kwa ana, wala hawapeani mkono, na heshima hiyo haisimami kwa sababu mtu yuko majini. Tulipanga viti mgongo kwa mgongo, watu wakitazama nje. Baadaye niligundua kwamba mpangilio huo unasawazisha uzito pia. Sikumwambia Mama Jerida, kwa kuwa angeona ni jambo la kawaida.

Tulifunga sakafu ya kijani na vitako vya kijani kwa majuma mawili. Bolti zilipita ngozi zikashika mfupa. Vilikuwa viti imara kuliko vyote nilivyowahi kufunga. Nilivishika kimoja kimoja, nikavitikisa, na ungedhani nyumba yote ya Mama Jerida ingetikisika kabla yavyo. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja mkaguzi afike.

Tulirudi Kitale. Kesho yake Mzee Sifuna aliniita nyuma ya kompresa, akamwaga mkebe mmoja kwenye mchanga. Harufu sitaieleza. Kilitoka kipande changu cha kijani, kimekazwa kwenye kipande cha mhimili wa alumini alichokikata mwisho wa mhimili mmoja bila mimi kuona. Mbao ilikuwa nzima kama siku ya kwanza. Akaifungua bolti. Alumini ilikuwa imefanya unga mweupe, na chini ya unga ilikuwa na vishimo, vingine vimepenya upande wa pili, kama punje ya mahindi iliyokaliwa na dumuzi.

Shaba na alumini zikilowa pamoja hazipatani, na anayekonda ni alumini. Nilikuwa nimefundishwa hivyo mwaka wa kwanza, na mtihani nikaupita. Mbao yangu isingeoza hata kidogo. Ingekaa pale, kijani na imara, ikila mfupa uliokuwa unaishika, hadi siku kiti kizima kingeondoka na watu wake.

"Mkaguzi ataona?" nikauliza. Ndilo swali la kwanza lililonitoka, na silifichi.

"Hapana. Leo iko sawa. Hata mwezi wa tano itakuwa sawa."

"Kwa hiyo tunaweza kupita ukaguzi kwanza, halafu..."

"Halafu mwezi wa sita tuwaambie warudishe mashua juu, maji ikiwa imejaa, watu wameshazoea," akasema. "Watakubali?"

"Hawatakubali."

"Mwaka ujao je?"

Nilikiokota kile kipande cha alumini kwenye mchanga.

"Wewe ndio umesoma," Mzee Sifuna akasema, akaanza kuosha mkebe.

Nimewahi kukaa sehemu ngumu. Benchi la nje ya nyumba ya Mama Jerida, siku iliyofuata, ndilo lililokuwa gumu zaidi. Nilimweleza yote. Nikamwonyesha kipande cha alumini. Alikishika, akakitazamia mwangani, jua likapenya kwenye vishimo. Nasimiyu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja chini ya tumbo.

"Ile kiti ni yenye itavunjika?" Nasimiyu akauliza.

"Si mwaka huu," nikasema.

"Sasa mtoto wangu nimbebe ya kuenda tu, ya kurudi hapana?"

Mama Jerida alikirudisha kile kipande mkononi mwangu.

"Ni mbao gani haili hii bati?"

"Mvule. Ukiwa mkavu, wa zamani. Lakini siku zimebaki tisa, mama, na mvule mkavu..."

"Kanisani iko."

Ilikuwepo kweli. Kanisa lao dogo lilikuwa na mabenchi ya mvule yaliyochongwa na babu zao, meusi kwa miaka ya kukaliwa. Wanaume hukaa upande wa kulia, wanawake upande wa kushoto. Jioni hiyo hiyo Mama Jerida aliwaita kina mama kanisani. Mzee mmoja wa kanisa alifika pia, akasimama kwenye mlango.

"Jerida, hayo mabenchi ni ya kanisa."

"Hii ni ya upande wetu."

"Upande wenu si ni kanisa?"

"Kama ni ya kanisa yote, tutoe ya upande wenu pia? Tugawane?"

Mzee alifikiri kidogo.

"Chukueni ya upande wenu," akasema.

Wakayatoa yote manane. Mwaka huo mzima wanawake wa kanisa lile waliabudu wakiwa wamekaa kwenye mikeka, na naambiwa mahubiri yalifupishwa, kwa sababu mhubiri alichoka kutazama chini.

Sikilizeni sasa sehemu ya kazi, maana ndiyo mtakayoihitaji. Mvule wa zamani una mawe. Si mfano, ni mawe kweli, meupe, ambayo mti huyatengeneza ndani ya mshipa wake, na msumeno hukutana nayo bila salamu. Tulivunja bledi mbili za msumeno siku ya kwanza. Mzee Sifuna akaanza kugonga kila ubao kwa nyundo ndogo kabla ya kukata, akisikiliza, akitia alama ya chaki mahali penye sauti ya mkato. Hatukuvunja nyingine.

Tuling'oa mbao zote za kijani. Mihimili tuliipiga msasa hadi ikang'aa, tukaikagua kwa ukucha. Kati ya mvule na alumini tuliweka ukanda wa raba uliokatwa kutoka tyubu za trekta, kwa sababu hata marafiki huhitaji godoro katikati. Bolti tulizotumia mwanzoni tulizitupa. Mzee Sifuna alikwenda Bungoma kwa muuza vyuma chakavu aliyekuwa na mtambo wa kupoza maziwa uliovunjwa, akarudi na bolti za stenlesi, chuma kisichoshika kutu, zimejaa kofia yake. Alizichagua kwa sumaku ya spika ya redio: iliyorukia sumaku haikuwa stenlesi nzuri, ikarudi kwa mwenyewe. Na kwa kuwa hata stenlesi haifai kugusana na alumini ikiwa imelowa, kila bolti tuliivisha kipande cha mpira wa maji, na chini ya kila washa tukaweka washa ya pili iliyokatwa kutoka kwa mtungi wa plastiki. Chuma kisiguse chuma. Nimefunga viti vingi baada ya hapo, na bado sijapata njia bora zaidi.

Tulikaza nati ya mwisho asubuhi ya ukaguzi. Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, mtulivu, mwenye viatu vya mpira na faili. Alitembea juu ya sakafu, akasimama, akafungua faili.

"Ripoti inasema mbao zilizotiwa dawa," akasema. "Hizi hazina dawa."

Nilikuwa nimeisahau ripoti. Katika siku tisa zile nilikuwa nimesahau hata kunyoa.

"Ni kweli, hazina," nikasema.

"Ripoti iliandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Na hizi zilifungwa na nani?"

"Na mimi."

"Sasa nimwamini yupi?"

Kina mama walikuwa wamejipanga ukingoni, kama arobaini hivi. Nasimiyu alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Wingu lilikuwa limetanda juu ya mlima tangu asubuhi.

"Aliyeandika alikuwa mjinga," nikasema.

"Hilo siwezi kuandika kwenye fomu."

Mzee Sifuna alisogea mbele. Alifungua mfuko wake, akatoa mkebe, akaufungua mbele ya mkaguzi. Mkaguzi aliinama kutazama, akainuka haraka.

"Hii ni nini?"

"Ni miaka mitatu, bwana mkubwa," Mzee Sifuna akasema, akazamisha vidole, akatoa kwa mkono mmoja alumini yenye vishimo, na kwa mwingine kipande kilichokaa na mvule na raba, kizima. Hicho cha mvule kilikuwa na siku nane tu, na alisema hivyo: siku nane. Hakuongeza.

Mkaguzi alivigusa vile vishimo kwa ncha ya kalamu. Kisha akanipa kalamu yake na kurasa zangu tatu.

"Futa mwenyewe," akasema. "Andika umekosea wapi. Tia sahihi kila ukurasa."

Niliandika nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya mvule. Jedwali nililipiga mstari mmoja. Nikaandika kwamba mbao zilizotiwa dawa ya shaba hazifai kukaa juu ya alumini mahali penye maji, na kwamba mwandishi alilijua hilo na hakulifikiria. Nimeandika mambo mengi tangu hapo, na mengine yamechapishwa, lakini hiyo ndiyo makala yangu pekee iliyosomwa na mtu hadi mwisho kabla sijaondoka.

Kisha akapandisha watu kumi na sita, akawaamuru wanaume wanne wenye nguvu wavivute viti kwa zamu. Walivivuta. Mmoja wao alikuwa mkwe wa Mama Jerida. Alikivuta kiti cha mama mkwe wake huku ameangalia upande wa Uganda. Hakuna kilichocheza. Mkaguzi akatia sahihi.

Mvua ilianza juma lile lile. Mwezi wa tano nilitumwa Ndalu kukaza nati, maana mvule ukishalowa mara ya kwanza hutulia upya na nati hulegea robo duara. Tuta lilikuwa limeshapotea. Mashua ilivutwa kwa kamba iliyofungwa kutoka ukingo hadi ukingo, na nilikuwa nimelala chali chini ya kiti cha tatu na spana namba kumi na saba nilipowaona wakishuka kutoka nyumbani: Mama Jerida mbele, kina mama wawili, na Nasimiyu katikati yao, anatembea na kusimama, anatembea na kusimama.

Walimpandisha. Alikaa, akashika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, na uchungu ulipomjia alivuta. Mimi nilikuwa bado niko chini. Niliona mishipa ya vidole vyake juu yangu, na nikaona bolti, na washa, na raba, na nikajikuta nimeweka kidole kwenye nati ili nisikie kama inacheza.

"Njoroge!" Mama Jerida akaniita. "Wewe unaangalia nini huko chini?"

"Naangalia kama kiti..."

"Wachana na kiti. Toka, vuta kamba."

Nilitoka, nikavuta. Kamba ilikuwa na matope na ilinichuna viganja. Nyuma yangu nilimsikia Nasimiyu akihema, na Mama Jerida akimwambia kwa sauti ya chini, "Shika hapo, mwanangu. Shika tu, haiendi popote." Mashua ilikwenda moja kwa moja. Tulipogusa ukingo wa pili, muuguzi alikuwa ameshateremka na mwavuli, na wakaenda wote bila kugeuka nyuma, nami nikabaki nimeshika kamba kwa sababu hakuna aliyeniambia niiachilie.

Msichana alizaliwa saa saba mchana. Nilimsikia kutoka nje, kwenye baraza ya zahanati, na watu wa sokoni walimsikia pia. Mama Jerida alitoka, akakaa sakafuni miguu ameinyoosha, akaomba maji ya kunywa. Nilikaa karibu naye. Tuliongea juu ya mvua, na kama mahindi yatahitaji kupandwa tena. Habari za mbao hakuniuliza.